Mkono wa Bastola Moja

Mkaguzi Matrida Ngolo alionyeshwa kiti mara mbili, na mara zote mbili alibaki amesimama. Juu ya meza ya mkuu wake jalada la kahawia lilikuwa limefunguliwa ukurasa wa mwisho, kalamu imelazwa juu yake.

"Tia sahihi, Matrida," alisema Afande Revocatus. "Wakili wa serikali ananipigia simu tangu asubuhi."

"Sitii sahihi, Afande."

Nje, Musoma ilikuwa kwenye shughuli zake. Pikipiki zilipita, na upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa walioanikwa. Revocatus aliinuka akafunga dirisha. Alikuwa mtu wa haki, lakini subira yake ilikuwa fupi, na simu za wakubwa zilikuwa zimeifupisha zaidi.

"Haya. Nieleze kama mtu asiyejua chochote."

"Alhamisi asubuhi Clementi Mafuru, afisa mifugo, aliuawa kwenye josho la ng'ombe la Rwamisanga, upande wa Butiama. Risasi moja, kichwani. Mkewe, Anastazia, anasema aliwahi kutoka ili atazame chapa za ng'ombe fulani kabla hawajaogeshwa. Hakumwambia ng'ombe wa nani. Kwenye zege tuliokota ganda moja la risasi ya bastola, na jirani yake risasi nzima, haijapigwa. Kwenye bomba la uzio kulikuwa na tone la damu, mbali kidogo na mwili. Damu iko maabara Mwanza, ganda liko Dar es Salaam. Majibu hayajarudi."

"Na mtuhumiwa tunaye."

"Tunaye Nathan Masirori."

"Ambaye alimtishia marehemu kwa risasi, mbele ya mnada mzima wa ng'ombe, kwa sababu marehemu alilifungia zizi lake karantini." Revocatus alianza kuhesabu kwa vidole. "Ambaye ana raifo mbili, shotgani na bastola mbili. Ambaye bastola yake moja inakula risasi za aina ileile tuliyookota. Ambaye alikuwa nyumbani peke yake. Matrida, mtu mwenye silaha tano nyumbani ni mtu aliyezizoea silaha. Ukimpa yoyote, anaua nayo."

"Ndiyo maana nasema si yeye. Ile risasi nzima ilitoka kwa sababu mtu aliikoki bastola ambayo tayari ilikuwa na risasi ndani. Akaitupa nje bila kujua. Nathan hawezi kufanya hivyo."

"Hofu inaweza kumfanya mtu afanye lolote."

"Inawezekana. Lakini nataka kumwona kwanza."

Revocatus alimtazama kiunoni, mahali bastola yake ilipokaa. "Na hilo nalo. Utaratibu mpya wa ofisi unasema silaha hazina wenyewe tena. Asubuhi unachukua utakayopewa, jioni unairudisha ghalani. Wenzako wote wamerudisha. Umebaki wewe."

"Hii nimeibeba tangu nilipohamia upelelezi. Najua inapokataa na inapokubali."

"Ukijua moja tu, siku ikikosekana utakuwa askari wa namna gani?"

"Askari asiye na bastola, Afande. Afadhali hivyo kuliko kubeba nisiyoijua. Nitairudisha jalada likifungwa."

"Hiyo ni amri, Matrida."

"Nimeisikia."

Walitazamana. Revocatus alilifunga jalada taratibu. "Kesho asubuhi Nathan anapandishwa kizimbani. Kwa sahihi yako au ya mwingine. Akishasomewa shitaka la mauaji hana dhamana, unalijua hilo. Kama una kitu, ukilete leo."

Matrida alipiga saluti akatoka. Sajenti Kasmiri, msaidizi wake, alikuwa tayari ameshawasha gari.

*

Kituoni Bunda, Nathan Masirori aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda wala viatu. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, mkazi wa Kabasa, aliyewahi kuongoza wawindaji wa kitalii miaka mingi. Alivuta kiti mwenyewe, akakaa kama yeye ndiye mwenye chumba.

"Kama umekuja kunishauri nikiri, umepoteza mafuta ya gari," alisema.

"Ulimwambia Clementi utampiga risasi?"

"Nilimwambia. Mbele ya watu, kwa sauti. Ng'ombe wangu walikuwa na ugonjwa wa miguu na midomo, akanifungia zizi, nikakasirika. Baadaye nikaona alikuwa na haki. Sikumwomba radhi, na sasa sitaweza tena. Hilo linaniuma. Lakini sikumuua, na sitaomba radhi kwa mtu yeyote kwa sababu nina bunduki zenye leseni."

Matrida alifungua begi. Akaweka mezani bastola mbili za Nathan zilizochukuliwa kama vielelezo, kisha akaitoa yake, akaondoa risasi, akaiweka pembeni yao. Zote zilikuwa tupu. Magazini na risasi alikuwa nazo Kasmiri, aliyesimama mlangoni. Askari wa zamu alitaka kusema kitu.

"Nitajibu mimi," alisema Matrida bila kugeuka. Akamwambia Nathan, "Umeona nimezitoa risasi. Chukua moja moja, unionyeshe unavyoishika."

Nathan alizitazama kwa muda kabla hajagusa. Aliichukua ya kwanza, kidole mbali na kifyatulio, akaielekeza ukutani. Akachungulia mahali pa magazini. Akakivuta nyuma kile chuma cha juu ambacho huteleza bastola ikikokiwa, akatazama ndani ya tundu, kisha akaingiza ncha ya kidole kuhakikisha. Ndipo akaishika vizuri. Akaiweka chini, akachukua ya pili, akafanya vilevile. Ya tatu, ya Matrida, vilevile.

"Umeniona nikitoa risasi," alisema Matrida.

"Nimekuona."

"Mbona unachungulia?"

"Kwa sababu ninazo nyingi." Nathan alisogeza bastola zake kwa mgongo wa mkono. "Hii kufuli yake inabonyezwa chini. Hii inapandishwa juu. Hiyo yako nyepesi, ina kifyatulio laini. Nikijidanganya kwamba nazikumbuka zote, siku moja nitajipiga mguu. Kwa hiyo kila nikishika silaha najifanya sijui kitu. Nafungua, natazama. Hata usingizini nafungua natazama. Watu wanadhani mwenye bunduki nyingi ndiye mjuaji. Mimi naishi kwa woga, Mama Mkaguzi. Woga ndio umeniweka mpaka leo."

"Kwa hiyo usingeweza kuikoki bila kutazama."

"Mkono wangu ungekataa."

"Na mtu mwenye moja tu?"

Nathan alifikiri. "Mwenye moja hatazamagi. Mkono wake unajua. Ni raha kubwa hiyo, nawaoneaga wivu. Analala nayo, anaamka nayo, anaishika gizani kama anavyoshika kijiko. Lakini umpe nyingine uone. Ataishika kama ileile yake. Vidole vinakwenda palepale vilipozoea."

"Nipe mikono yako."

Aliinyoosha. Matrida aliigeuza taratibu, viganja juu, viganja chini. Kulikuwa na sugu, na kovu la zamani la kuungua kwenye kifundo cha mkono. Hakuna jeraha jipya. Hakujua hasa alikuwa anatafuta nini. Alijua tu kwamba alitaka kuiona mikono.

"Mtu aliyeidondosha ile risasi nzima," alisema Nathan, "nyumbani kwake kuna silaha moja. Na siyo ile aliyoulia."

"Unamjua?"

"Ningemjua ningekuambia tangu siku ya kwanza. Sijakaa humu kwa kupenda."

*

Wakarudi barabara ya Butiama. Kasmiri aliendesha mpaka walipoiacha lami.

"Afande, hilo alilosema yeye linamsaidia yeye."

"Najua. Ndiyo maana namtaka bibi wa mtama."

Bhoke Nyangige alikuwa ndiye mtu pekee aliyekuwa karibu na josho asubuhi ile. Shamba lake lilipakana na uzio. Walimkuta akipalilia, khanga imefungwa kiunoni. Alipowaona hakuacha jembe.

"Shikamoo Bibi," alisema Matrida.

"Marahaba. Mmekuja tena. Na wale wengine nao wamekujaga, wanasema ninyamaze, mambo ya polisi yanaua wazee. Nimewaambia mtama ni wangu, na masikio ni yangu."

"Nani hao?"

"Vijana tu. Wananijua, na mimi nawajua. Uliza lililokuleta."

Matrida alichuchumaa kwenye tuta. "Niambie ulivyosikia, kwa mpangilio wake."

Bhoke aliegemea mpini. "Nilikuwa hapahapa nilipo. Kwanza ilikuja kelele ya chuma, krak, kama mtu anafunga komeo ya mlango. Halafu mlio mkubwa. Halafu mtu akaguna."

Matrida alimtazama Kasmiri. Katika maelezo yaliyoandikwa siku ile, mguno ulikuja kabla ya mlio, na ulikuwa wa marehemu.

"Mguno ulikuja baada ya mlio, Bibi? Una hakika?"

"Baada. Niliwaambia vijana wenu hivyohivyo. Wakasema nimechanganya."

"Ulikuwa mguno wa namna gani?"

"Wa mtu aliyebanwa na mlango. Alivuta pumzi kwa meno, ssss, halafu akatukana. Nikajilaza kwenye mtama. Sikuinuka mpaka niliposikia pikipiki inaondoka."

"Clementi alipigwa kichwani," alisema Matrida. "Hakuvuta pumzi nyingine."

Bhoke alilirudisha jembe ardhini. "Basi aliyeguna ni yule mwingine."

Walivuka uzio. Josho lilikuwa tupu, maji ya dawa yametulia ndani ya mfereji wa zege. Matrida alisimama mahali ganda lilipookotwa. Hatua moja pembeni lilikuwapo lile bomba, na alama ya chokaa mahali damu ilipokwanguliwa.

Aliitoa bastola yake, akaondoa magazini, akakivuta chuma cha juu na kuchungulia. Kisha akaishika kwa mikono miwili, lakini kwa namna ambayo Kasmiri hakuwahi kumwona akishika: kidole gumba cha mkono wa kushoto alikipitisha nyuma ya bastola, kikakaa juu ya mkono wa kulia.

"Afande, ukipiga hivyo utaumia."

"Kwa nini?"

"Chuma kinarudi nyuma. Kitakukata."

"Moshi, chuoni, tulikuwa na kuruta mmoja aliyetoka kwenye ulinzi wa usiku. Huko alizoea bastola ya gurudumu, ile ya zamani ya risasi sita. Ile haina kitu kinachorudi nyuma. Haitupi maganda wala haikokiwi kwa kuvuta. Unaweza kuweka kidole gumba popote unapotaka. Siku ya kwanza ya shabaha alishika hii ya kwetu kama anavyoshika ile." Alikivuta chuma polepole mpaka kikaparuza juu ya kidole chake. "Alipiga risasi moja tu. Akavuta pumzi kwa meno. Alikuwa na mistari miwili hapa, kama reli."

Kasmiri aliacha kutazama bastola, akamtazama yeye. "Boniphace Magori," alisema.

Hakuhitaji kuongeza. Boniphace alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe na kiongozi wa sungusungu wa eneo lile. Ijumaa asubuhi, siku moja baada ya mauaji, alikuja kituoni kwa hiari yake na bastola yake ya gurudumu. Wilaya nzima ilijua kwamba hana nyingine. Ilikuwa ya baba yake, na kwenye mikutano ya sungusungu huiweka mezani mbele yake. Alisema ainuse anayetaka, aipime anayetaka, ili watu wasije wakamtaja bure. Matrida mwenyewe aliinusa. Haikuwa imepigwa. Wakamshukuru kwa ushirikiano. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji. Kamba ya dume la ng'ombe ilimkata, alisema.

"Leo ni Jumatatu," alisema Matrida akirudisha bastola. "Kidonda kinapona. Wiki ijayo kitakuwa kovu, na kovu linaweza kuwa la kitu chochote. Twende."

"Sisi wawili tu?"

"Tukiomba watu Musoma tutaulizwa tunao ushahidi gani. Ushahidi wenyewe uko kwenye kidole chake."

*

Mji wa Boniphace ulikuwa na nyumba ya bati jekundu, jiko la nje, na zizi kubwa la nguzo za miti nyuma yake. Mkewe, Jenoveva, alikuwa mbele ya jiko akichagua maharage kwenye ungo. Aliwaamkia kwa sauti ndogo. Boniphace alitoka barazani akitabasamu, shati jeupe, bastola kiunoni.

"Karibu dada. Karibu Sajenti. Jenoveva, leta viti. Nimesikia mmempata mtu wenu. Hongereni."

"Bado tunamalizia," alisema Matrida. "Naomba niione tena bastola yako."

"Hata mara kumi." Aliitoa, akafungua gurudumu bila kulitazama, akamimina risasi sita kiganjani na kuzipanga mezani. Macho yake yalikuwa kwa Matrida muda wote.

"Umeizoea."

"Nimekua nayo. Wengine wananunua hiki leo, kesho kile. Mimi mwanamume wa silaha moja. Uliza mtu yeyote hapa mpaka Nyegina."

"Hujawahi kushika nyingine?"

"Kwa nini nishike?"

"Nionyeshe unavyoipigia shabaha."

Boniphace alicheka. Alisimama, akageukia mgomba uliokuwa uani, akanyoosha mikono miwili. Mwili wake ulitulia ghafla, mabega yakashuka. Kwa kweli ilipendeza kumtazama. Kidole gumba cha kushoto kilipita nyuma ya bastola, kikalala juu ya mkono wa kulia, na juu yake ilikuwapo plasta.

"Kasmiri," alisema Matrida.

Kasmiri alikwisha kupiga picha kwa simu.

Boniphace aliishusha mikono. "Picha ya nini?"

"Iweke mezani. Sasa fungua hiyo plasta."

"Hii ni kamba ya dume. Nilishasema."

"Fungua niione hiyo kamba."

"Na nikikataa?"

"Tunakwenda hospitali, daktari anaifungua, na barabarani watu watakuona umekaa nyuma ya gari la polisi. Chagua."

Aliibandua kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemtupia mwenzake kitu usoni. Kwenye mgongo wa kidole kulikuwa na mistari miwili iliyonyooka, sambamba, imeanza kukauka.

Matrida aliondoa magazini kwenye bastola yake, akampa Kasmiri. Akahakikisha iko tupu. Kisha akaishika kama Boniphace alivyoishika yake, na mbele ya macho yake akakivuta chuma cha juu taratibu hadi kikapanda juu ya kidole chake gumba. Kilipita palepale. Akakisogeza kile chuma karibu na mkono wa Boniphace, bila kumgusa, kingo zake mbili zikielekeana na mistari miwili.

"Kamba yako ina upana wa bastola," alisema.

Boniphace alizungumza polepole. "Dada yangu, nenda na mikwaruzo yako mahakamani. Watu wote wa hapa watasimama mmoja mmoja waseme Boniphace ana bastola moja, na bastola hiyo haikupigwa."

"Na mimi nitawaita. Watakuwa wanasema kweli. Mtu wa bastola nyingi asingeumia hapo, wala asingedondosha risasi nzima kwenye zege. Aliyemuua Clementi ni mtu anayejua bastola moja tu, akaazima nyingine ili hii ibaki safi. Na aliacha damu kwenye bomba. Iko Mwanza."

"Ikirudi kutoka Mwanza, nitafute."

"Nimeshakupata."

Boniphace hakubishana. Aliweka vidole viwili mdomoni akapiga mluzi mrefu, na mara wanaume wakaanza kuingia langoni kutoka njia ya mashamba. Walikuwa kumi hivi, wengine na fimbo, wengine na marungu ya sungusungu. Mbele yao alikuwa Faustine, mzee mwenye mabega mapana, naibu wake.

"Kuna nini, Mwenyekiti?"

"Hawa wamekuja kunifunga kwa kidonda cha kamba," alisema Boniphace. "Wamemwacha muuaji Bunda anakula wali wa serikali."

Wanaume walisogea. Kasmiri aliikumbuka magazini mfukoni mwake, na Matrida aliona mkono wake ukielekea huko.

"Acha," alimwambia kwa sauti ya chini. Bastola yake tupu aliirudisha kiunoni. Kisha akaweka kiganja juu ya ile ya gurudumu mezani, na risasi zake sita, akabaki hivyo. "Mzee Faustine, mimi ni Mkaguzi Ngolo. Namkamata mtu huyu kwa kumuua Clementi Mafuru. Mkitaka kunizuia, nizuieni mkijua hivyo. Sitoki hapa bila yeye."

"Ushahidi uko wapi?" aliuliza Faustine.

"Hana," alisema Boniphace.

Ungo wa maharage ulianguka. Hakuna aliyemtazama Jenoveva alipoingia jikoni, lakini wote walimtazama alipotoka amebeba ndoo ya unga wa muhogo. Aliitua katikati ya uwanja, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Unga ulimwagika miguuni pake. Ndani ya mfuko ilionekana bastola nyeusi.

"Usifungue, Mama," alisema Matrida. "Iweke chini hivyohivyo."

Aliiweka.

"Aliniambia nikienda kwa dada yangu Mugango niitupe ziwani," alisema Jenoveva. Alikuwa anawaambia wale wanaume, wala hakumtazama mumewe. "Nilikwenda Mugango. Nilipanda mtumbwi. Nikarudi nayo."

"Jenoveva," alisema Boniphace. "Ingia ndani."

"Siingii." Alipangusa unga mkononi kwa khanga. "Clementi alimsimamia mtoto wetu ubatizo. Alhamisi umerudi unatoka damu, ukaniambia kamba. Nikaiosha hiyo damu. Jioni wametuletea habari ya msiba, ukaniambia nivae twende tukamfariji Anastazia. Nimekwenda. Nimemshika Anastazia mkono, na wewe umesimama nyuma yangu unasali. Nimechoka kuosha vitu."

Faustine alikuwa akitazama bastola ndani ya mfuko. "Clementi ulikuwa na ugomvi gani naye?" aliuliza.

Boniphace alitazama langoni.

"Alikwenda josho kutazama chapa," alisema Matrida. "Mkewe ametuambia. Alhamisi ilikuwa zamu ya ng'ombe wa nani kuogeshwa?"

Wale wanaume wote walikuwa wamepoteza ng'ombe mwaka ule. Walikuwa wamelala porini wakifuata nyayo, wakiongozwa na Boniphace, na kila mara nyayo zilipotelea mahali palepale, kwenye mawe, naye ndiye aliyesema warudi.

"Zamu ilikuwa yake," alisema Faustine hatimaye.

Aliilaza fimbo yake chini. Hakumwomba mtu ruhusa. Alizunguka nyumba akaelekea zizini, na mmoja baada ya mwingine wenzake wakamfuata, mpaka uwanja ukabaki na watu wanne. Kasmiri alitoa pingu. Boniphace alinyoosha mikono, kidole chenye mistari miwili kikiwa juu, akamtazama Matrida bila kupepesa.

"Sijakiri kitu," alisema. "Na sitakiri."

"Sijakuomba."

Kutoka nyuma ya nyumba zilisikika fito za lango zikiondolewa, kisha ng'ombe wakisukumana. Matrida aliweza kuwaona wanaume kupitia pengo la ukuta: walikuwa wameinama kati ya mifugo, wakipangusa matope kwenye mapaja, wakipapasa chapa kwa vidole mahali ambapo chapa mpya ilikuwa imechomwa juu ya ya zamani. Sauti ya mtu mmoja ilisema, "Huyu wa kwangu." Baadaye kidogo ikaja ya mwingine, mbali zaidi, ikiita ng'ombe kwa jina, na ng'ombe akaitika.

"Waambie watoke kwenye zizi langu," alisema Boniphace.

"Waambie wewe," alisema Matrida. "Wewe ndiye mwenyekiti wao."

Boniphace alifungua mdomo. Kule zizini Faustine alikuwa amesimama wima, mkono wake juu ya nundu ya dume jekundu, akimtazama juu ya migongo ya ng'ombe. Boniphace akaufunga mdomo, akageuka mwenyewe kuelekea garini.